UZI: Watu wa mialoni Mwanza, kabla hujamwogopa sangara, angalia hiyo sufuria ya kuyeyushia risasi

Ngosha wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu.

Kuna ile sauti inayozunguka kwenye magrupu kila baada ya miezi: acheni kula samaki wa ziwa, wamejaa zebaki ya wachimbaji, mtazaa watoto wazito wa akili. Haina jina la aliyesema wala pa kuulizia. Mimi naunga nyavu na kuuza zana za uvuvi mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na nimechoka kuisikia. Zebaki ipo kweli. Kinachonikera ni kwamba anayeisambaza mara nyingi ana kitu kibaya zaidi uani kwake na hakioni.

Asiyejua kazi yetu aelewe hivi. Wavu wa kutega unataka maboya juu na uzito, yaani chubwi, kwenye kamba ya chini. Wapo wanaofunga mawe, lakini wengi wanapenda risasi, ile metali ya kwenye betri, si ya bunduki. Ni nzito, laini, unaibana kwenye kamba kwa nyundo, na haishiki kutu. Ya dukani ina bei, kwa hiyo inatafutwa betri mbovu ya gari au ya sola. Inapasuliwa kwa shoka, asidi inamwagwa popote, sahani za ndani zinatiwa kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa. Ikishakuwa maji, ule uchafu wa juu unaenguliwa na kutupwa pembeni, risasi inamiminwa kwenye vijifereji vilivyochorwa mchangani. Watoto wamejazana hapo, nani asiyependa kuona chuma kinatiririka? Jioni jiko lilelile linabandikwa uji.

Siku hizi imezidi. Wavuvi wa dagaa wengi wameacha karabai, wanatumia taa za betri. Ni nafuu na moshi wa mafuta ya taa umepungua, hilo jema. Lakini betri zinakufa, na zikifa zinaishia mikononi mwa watu kama mimi.

Sasa kuhusu ubongo. Mwili unaidhania risasi ni kalsiamu, unaifungulia milango ambayo kalsiamu inapita. Tukila mimi na wewe watu wazima kiasi fulani, kama sehemu moja ya kumi ndiyo inayoingia mwilini. Mtoto mdogo anaingiza karibu nusu. Na ule ukuta unaochuja damu kabla haijafika ubongoni kwake bado haujakomaa. Kwa hiyo risasi inakaa palepale seli za ubongo zinapounganishwa, kwenye umri ambao anajifunza kusema, kutulia, kukumbuka. Anaipata vipi? Kwa mikono. Vumbi la uani, vidole, mdomo. Na wale wanaovua kwa ndoana kule kwenye mawe mmewaona wanavyoibana risasi kwenye uzi kwa meno.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, linataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Na kuna jambo lililowashangaza hata watafiti: hasara ya mwanzo ndiyo kubwa. Mtoto anayetoka kiwango kidogo sana hadi 10 anapoteza uwezo mwingi zaidi kuliko anayetoka 10 hadi 20. Kwa hiyo ule msemo wa "kidogo hakiui" hapa hauna kazi, kwa sababu hatuzungumzii kufa.

Ninachoomba ni kimoja. Kazi ya risasi itoke kwenye nyumba. Wadau karibuni, wenye nondo tupieni.

Mjukuu wa Igogo

Mkuu na heshima zote, acha kututisha. Mzee wangu kayeyusha risasi tangu sijazaliwa, uani palepale. Tumezaliwa sita, wote tumesoma, mmoja injinia yuko Dodoma. Mngekuwa mnasema kweli tungekuwa mataahira.

Ngosha wa Mwaloni

Mkuu, hongera kwa mzee, kulea sita si mchezo. Lakini huyo injinia unamlinganisha na nani? Wa kumlinganisha naye ni yeye mwenyewe asiyekula risasi, na huyo hayupo wa kumwita aje tumpime.

Ndiyo maana inabidi kupima watoto wengi kwa pamoja. Mwaka 1979 daktari wa Marekani, Herbert Needleman, alikusanya meno ya utoto yaliyong'oka ya wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili karibu na Boston. Jino linatunza historia ya risasi uliyokula. Walimu waliulizwa tabia za watoto bila kujua nani ana ngapi. Kadiri risasi ilivyokuwa nyingi kwenye jino, ndivyo mwalimu alivyozidi kusema: huyu hatulii, huyu hafuati maelekezo, huyu anaota darasani. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mgonjwa kwa macho. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi. Mtoto aliyekuwa awe wa kumi anakuwa wa ishirini, mnasema mtundu, mnamchapa, maisha yanaendelea.

Halafu na sisi wakubwa tusijipe uzima wa bure. Petroli yenye risasi tuliivuta hadi nchi za kusini mwa Sahara zilipoachana nayo mwanzoni mwa 2006. Hatujui tungekuwa akina nani.

Dogo wa Sabasaba

Kwa hiyo ile F yangu ya hesabu ilikuwa daladala? Nampelekea mama huu uzi leo leo.

Fundi Betri Nyakato

Naomba niseme kama fundi. Mleta uzi una hoja ila kuna mahali unapita juu juu. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327, hapo mkaa unatosha kabisa. Lakini kuchemka mpaka iwe mvuke ni zaidi ya nyuzi 1,700. Jiko la mkaa la mama ntilie halifiki huko. Sasa huo moshi wa risasi unaotutisha nao unatoka wapi? Moshi mnaouona ni wa plastiki na mabaki ya asidi.

Ngosha wa Mwaloni

Fundi hapo umenena, na nashukuru kwa sababu watu wengi wanadhani wakikaa upande upepo unakotoka wameshapona. Haihitaji kuchemka ili ianze kutoa mvuke mbaya, ukipuliza jiko likazidi nyuzi 500 hivi imeshaanza. Lakini hata tukiusahau moshi kabisa, angalia ule uchafu unaoenguliwa juu. Ile ni risasi iliyoungua, ikipoa inakuwa unga wa kijivu, mwingine wa njano. Na zile sahani za betri zenyewe, ule udongo mweusi unaodondoka ukizipiga, ni risasi tupu iliyokwisha sagwa tayari kuliwa. Kipande kigumu mtoto akikishika si hatari kama huo unga. Unga unaingia kwenye nguo zako, kwenye kanga ya mama anayezifua, kwenye mkeka.

Fundi Betri Nyakato

Huo udongo mweusi naujua. Nikitoka kazini nakohoa nao. Sawa, nimekuelewa.

Mama Pendo

Shikamooni wakubwa. Mimi nimepanga Mabatini, mpangaji mwenzangu ni mvuvi, anafanya hayo hayo uani kwa hiyo najisikia kulia hapa. Mwanangu ana miaka mitatu, nilimkuta mara nyingi ana chubwi mdomoni nikawa namnyang'anya tu nikijua ataimeza imkabe. Nilienda hospitali moja nikaomba apimwe risasi kwenye damu, wakaniuliza kapigwa risasi lini. Nikarudi nyumbani. Sasa nifanyeje? Na hizi dawa za kusafisha sumu mwilini zinazouzwa kwenye mabasi zinasaidia?

Sista wa Zamu

Mama Pendo, marahaba na pole. Mimi ni muuguzi, nakujibu kwa kadiri ya kazi yangu.

Kwanza zile dawa za kwenye mabasi achana nazo kabisa. Nyingine za mitishamba zenyewe zimewahi kukutwa na metali nzito sehemu mbalimbali duniani.

Pili, dawa halisi ya hospitali ya kutoa risasi ipo, lakini kwa mtoto ni ya pale damu inapofika mikrogramu 45 na kuendelea, au akiwa na degedege, kutapika mfululizo, kulala bila kuamka vizuri. Hizo ni dharura, unakimbia hospitali usiku huohuo. Chini ya hapo dawa haimrudishii mtoto alichopoteza. Marekani walijaribu kwa watoto 780 wenye kati ya 20 na 44, matokeo yakatoka 2001. Damu ilisafishika kiasi, akili haikupanda kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani ili kulinganisha. Kwa hiyo tiba kubwa ni kumtoa kwenye chanzo, na hiyo iko mikononi mwako kuliko mwa daktari.

Tatu, kupima. Usiombe "kipimo cha risasi" dirishani. Nenda kwa daktari wa watoto, mweleze mtoto anaishi pale betri zinapopasuliwa, muulize sampuli inaweza kupelekwa maabara gani. Hapa Mwanza kuna hospitali ya Kanda Bugando, na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina tawi la Kanda ya Ziwa, unaweza kuulizia pia. Damu ichukuliwe kwenye mshipa. Ya kidole inadanganya kama kidole kina vumbi.

Nne, chakula, na hapa watu wanadharau. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma anafyonza risasi zaidi. Mwenye kalsiamu kidogo, vilevile. Mwenye tumbo tupu, vilevile. Kwa hiyo asubuhi asitoke kucheza hajala. Na dagaa! Wale dagaa wa ziwa wanaoliwa na miiba yao wana kalsiamu na chuma. Yaani hiyo sauti ya WhatsApp inamnyima mtoto kinga aliyo nayo mlangoni.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Sakafu usifagie kavu, pitisha tambara lenye maji. Vumbi ndilo adui.

Mama Pendo

Asante sana sista. Kumbe kufagia kavu ndiyo namvutisha. Mungu akubariki.

Mchenjuaji wa Nyarugusu

Naona mmewasahau ndugu zenu wa Geita. Nitoe ya kwetu, maana nusu ya watu huku wametokea Usukumani na kila mwisho wa mwezi wanarudi na nguo zao.

Mawe tunasaga kwenye karasha, unga unaoshwa, inatiwa zebaki inakamata dhahabu. Inaminywa kwenye kitambaa, kinabaki kidonge. Hicho kidonge kinachomwa ili zebaki iondoke. Shida iko hapo kwenye kuchoma. Zebaki ukiimeza ilivyo, karibu yote inapita tumboni inatoka. Ukiivuta ikiwa mvuke, karibu asilimia 80 inabaki mwilini. Haina rangi, haina harufu. Na watu wanachomea chumbani, mlango umefungwa, wanaogopa kuporwa. Mke mjamzito yumo humohumo.

Watafiti wa chuo cha Bugando na wenzao walifuatilia zaidi ya wajawazito elfu moja wa huku kanda ya ziwa, wa maeneo ya machimbo na wa yasiyo na machimbo. Wakapima zebaki, aseniki na risasi, kisha wakawapima watoto maendeleo yao walipokuwa bado wachanga. Waliokutana na zebaki nyingi tumboni walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuchelewa, na ilizidi pale metali zilipoungana. Kwa hiyo hii si habari ya Minamata kule Japani tena, ambako zebaki iliharibu watu.

Kuna chombo cha chuma kilichofungwa, kina bomba la kupoza. Unachomea ndani, zebaki inarudi kwenye kikombe unaitumia tena. Ni akiba ya pesa kabisa. Kwa nini hakitumiki? Kwa sababu mnunuzi anataka kuona dhahabu inang'aa mbele ya macho yake, na kwenye chombo huoni kinachoendelea. Haya mambo ya kuaminiana ndiyo yanatuua, wanasemina huwa hawayagusi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa dunia wa kudhibiti zebaki, 2020, na mle kuchomea kwenye makazi kumetajwa wazi kuwa jambo la kukomeshwa. Njoo sasa uone makazi.

Mjukuu wa Igogo

Kwa hiyo ile sauti ya samaki ilikuwa kweli basi? Mnajichanganya.

Mchenjuaji wa Nyarugusu

Hapana mkuu, ni njia mbili tofauti. Ninayosema mimi ni ya kuvuta mvuke. Ya samaki ni zebaki iliyoingia majini, vijidudu vya kwenye tope vikaibadilisha ikawa aina inayoshika kwenye nyama. Samaki mdogo anailimbikiza kidogo, anayekula wenzake anailimbikiza zaidi kila mwaka anaoishi. Hiyo ndiyo ilimaliza watu Minamata. Kiwanda cha Chisso kilimwaga kwenye ghuba, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956. Kilichoogopesha zaidi ni akina mama walioonekana wazima huku wakizaa watoto waliopooza na ubongo umeharibika. Mimba ilikuwa inaibeba sumu badala ya mama.

Sista wa Zamu

Na kwa ziwa letu, vipimo vilivyofanywa miaka ya nyuma viliwakuta sato na dagaa wakiwa chini sana, sangara wengi pia chini ya ile nusu miligramu kwa kilo ambayo ni kikomo. Inapanda kadiri sangara anavyokuwa mkubwa. Mjamzito anayetaka kuwa makini asiishi kwa sangara wale mapande, ale sato na dagaa kwa raha zake. Mafuta ya samaki yenyewe yanajenga ubongo wa mtoto. Kumwachisha mjamzito samaki kwa sababu ya sauti isiyo na mwenyewe ni hasara juu ya hasara.

Binti Sengerema

Sista samahani, mimi nina mimba ya miezi mitano na bila pemba, ule udongo wa kula, siwezi kulala. Zile za sokoni. Nayo ina shida?

Sista wa Zamu

Ina shida mdogo wangu, na sikulaumu, hamu ya udongo mara nyingi inakuja na upungufu wa damu. Udongo unaoliwa na wajawazito wilaya ya Geita umeshapimwa na watafiti wa Bugando, wakakuta madini yenye sumu kama aseniki. Ile pemba huijui imechimbwa wapi. Kliniki waambie ukweli kwamba unakula, wakupime damu, wakupe vidonge vya chuma uvimeze kweli. Wengi hamu inapungua damu ikipanda.

Na niongeze kwa kina dada wote: risasi uliyokula ukiwa mtoto inakaa kwenye mifupa miaka na miaka. Ukibeba mimba mwili unachota kalsiamu mifupani, na risasi inatoka nayo. Binti aliyekulia kwenye ua wa chubwi anaweza kumpa mwanawe risasi ya utoto wake.

Dogo wa Sabasaba

Hii ya mwisho imenitoa kwenye utani. Dada zangu wawili wamekulia hapo hapo.

Mjukuu wa Igogo

Mimi swali langu moja. Serikali ikiwa inajua haya yote, NEMC, wale wa mazingira, wako hapa mjini, kwa nini tusisubiri wao? Mvuvi atapata wapi hela ya uzito wa dukani?

Ngosha wa Mwaloni

Ukisubiri, subiri, lakini mtoto wako hasubiri kukua. Nakupa mifano miwili ya majirani. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mawe ya dhahabu yalikuwa na risasi nyingi, watu wakayasaga majumbani kwa mashine za nafaka. Watoto wasiopungua mia nne walikufa. Na hapo Mombasa, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwekwa ukutani mwa mtaa. Mfanyakazi wake mmoja, Phyllis Omido, mtoto wake alikutwa na risasi, akaanzisha vita. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na bado kesi ikapanda mahakama za juu miaka mingine. Watoto wa mwanzo wa kesi ile walishakuwa vijana.

Kuhusu hela. Mawe ya ziwa ni bure, tatizo yanakwaruza wavu, kwa hiyo unayavisha kipande cha wavu mbovu. Wengine wanamimina saruji kwenye vikombe vidogo vyenye tundu. Ni mepesi kuliko risasi, unaongeza idadi. Sikudanganyi, kazi inaongezeka na wavu unajaa mtumbwini. Anayeona hawezi kabisa kuachana na risasi, basi anunue iliyokwisha mwagwa umbo lake, asiyeyushe. Na kama lazima ayeyushe, ni mbali na nyumba, sufuria na jiko ambavyo havirudi jikoni milele, nguo anavulia hukohuko.

Nimeshaongea na wenzangu wawili wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, tunataka lipatikane eneo moja mwaloni la kazi hiyo, lenye sakafu ya saruji, watoto wasipite. Sijui litafika wapi, viongozi wetu mnawajua.

Mama Pendo

Kaka Ngosha, huyu mpangaji mwenzangu ni mtu mzima, rika la baba yangu. Mimi mwanamke mpangaji namwanzaje? Na ule udongo wa uani ambao tayari umeingia risasi unaondoka kwa mvua?

Ngosha wa Mwaloni

Hauondoki kwa mvua, risasi haiozi. Mwombe mwenye nyumba: pale palipopasuliwa betri udongo wa juu uchimbwe ukiwa umeloweshwa, utiwe kwenye mifuko, pafukiwe kokoto au saruji. Usiutupe mtoni Mirongo jamani, unaishia ziwani. Muulize bwana afya wa kata pa kuupeleka. Kwa sasa tandika turubai na mtoto achezee upande mwingine.

Na huyo mzee usimwanze wewe. Nitumie ujumbe pembeni unitajie mwalo anaoshushia, nitamtafuta kama mteja, tutaongea lugha ya nyavu. Mtu wa rika hilo ukimwambia "unaua watoto" umemkosa. Ukimwambia nina uzito wa saruji nataka ujaribu kwenye kamba moja, anasikiliza.

Fundi Betri Nyakato

Na mimi naongezea. Betri mbovu msipasue, nauzia wanunuzi wa chakavu wanaozipeleka viwandani zikiwa nzima, asidi ndani. Mkinipigia hesabu, betri nzima inalipa kuliko hizo chubwi mnazopata humo, watu hawajui tu. Nipo Nyakato, wa huko wananifahamu. Leteni zikiwa wima, zimefungwa vifuniko. Iliyopasuliwa sipokei.

Mjukuu wa Igogo

Bei gani ile betri ya N70?

Fundi Betri Nyakato

Njoo nayo tupime kilo, mkuu. Na ukija, ile sufuria ya mzee ipitie kwangu pia. Itauzwa chakavu, isirudi jikoni.